Mshonaji wa Nyua Tano

Alipoingia nyumba ya mtu kwa mara ya kwanza hakutazama samani, alitazama pembe. Wenyeji aliwasalimu vizuri, kila mmoja kwa cheo chake, akauliza hali za wagonjwa na za wasafiri. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kupita nyuma ya mlango, kando ya kabati, na katika ule upana wa mikono miwili ambao kila nyumba ya Ngamiani ilikuwa nao mahali fulani bila ya kuwa na habari nao. Siku moja mimi na mama yangu tulifuatana naye kuhani msiba mtaa wa pili. Tukakaa mkekani na wanawake wengine, tukalia kwa kiasi kinachostahili, na tulipoinuka kuondoka akamwinamia mama aliyefiwa. Nilidhani anamwombea subira. Nilimsikia akisema: "Pale nyuma ya mtungi, mwenzangu, pana nafasi ya cherehani na mtu wake. Mungu akikupa nguvu, usiiache ikakaa bure."

Mama yangu aliona aibu njia nzima. Yule mjane mwenyewe alinihadithia baadaye kwamba katika maneno yote aliyoambiwa siku ile, hilo ndilo pekee lililomfanya afikirie kesho.

Tulimwita Bi Fundi. Jina alikuwa nalo, na ukoo, na mji aliotoka, lakini mtaani petu hayo yalikuwa yamechakaa kwa kutotumika, nami sioni sababu ya kuyatafuta leo. Nataka kumweka hapa kama nilivyomjua katika miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana wa shule katika nyumba iliyopakana na yake: mwanamke mwembamba, mrefu kuliko waume wengi, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, subana ya shaba ya kuzuia sindano kidoleni hata anapokwenda sokoni, na pini tatu au nne zimebanwa midomoni, ambazo hazikumzuia kusema lolote alilotaka kusema.

Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake, karani wa forodhani, aliyeijenga kwa mishahara yake mwenyewe: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma yake ua, jiko, na stoo moja ndogo. Bi Fundi ndiye aliyemlea mdogo wake huyo. Alipofiwa na mume, Karani alimchukua, akampa chumba kimoja cha kulala na ile stoo ya kushonea. Alikuwa mtu mwema, na ningependa jambo hilo lieleweke kabla sijaeleza alichofanya. Ila alikuwa mtu wa kupenda kila kitu kiwe na kazi moja na mahali pamoja, na katika hesabu hiyo stoo yenye mlango wake ilikuwa chumba cha mpangaji. Mwaka mmoja, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, alimwambia dada yake kwamba kijana wa bandarini atahamia stoo, na kwamba yeye Bi Fundi angestarehe zaidi Maramba, kwenye shamba lake, ambako palikuwa na nyumba nzima na ua mpana.

Mazungumzo yao niliyasikia kwa masikio yangu, kwa kuwa yalifanyika uani kwao na sisi tulikuwa uani kwetu, tumetengwa na kichochoro tu.

"Huko nafasi tele, dada. Utashona mpaka uchoke."

"Nimshonee nani? Mahindi?"

"Watu wapo Maramba."

"Wapo, na Mungu awaweke. Lakini ni nani huko atakayenijia saa nne asubuhi analia, harusi kesho na kanzu ya bwana harusi imembana kwapani? Mimi, bwana mdogo, siishi kwa nafasi. Naishi kwa watu wanaolia."

Lakini Karani alikuwa amekwisha kumwahidi mpangaji. Wakakubaliana hivi: kama hadi Idd Bi Fundi atakuwa amepata mahali pa kufanyia kazi bila ya kuwazibia watu nyumba, atabaki. Asipopata, baada ya Idd atafunga mizigo. Mama yangu aliyekuwa akipepeta mchele aliacha kupepeta. "Mwezi mmoja," alisema kwa sauti ndogo. "Tutavaa nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia kwa makini.

Alianza na uvungu. Kitanda chake kilikuwa cha kizamani, kirefu, chenye miguu ya kukerezwa, naye alikiinua zaidi kwa kuweka matofali mawili chini ya kila mguu, mpaka chini yake mtu mzima akaweza kukaa wima. Akatandika mkeka, akaingiza cherehani ya mkono, akakaa humo ameelekea dirisha. Jioni alihitaji kigoda na kujikaza roho ili apande kulala. Wateja walioingia walisikia cherehani ikienda na hawakumwona mtu.

"Bi Fundi, uko wapi?"

"Uvunguni. Vua viatu, uingie."

"Shoga," mama yangu alimwambia, ameshika gauni lake mlangoni, "mimi na maungo yangu haya niingie uvunguni?"

"Basi liingize gauni peke yake."

Kwa magauni, kanzu na mashati, uvungu ulitosha. Kazi ya cherehani, alikuwa akisema, haitaki chumba. Inataka mwanga na mkono wa kulia usiogonga kitu. Lakini moyo wake haukuwa katika magauni. Ulikuwa katika mifarishi. Sijui kama watoto wa leo wanaujua mfarishi wa kushonwa nyumbani: chini kitambaa cha marekani, katikati sufi iliyochambuliwa na kutandazwa kama unga, juu vipande vya kanga, vya kitambaa chepesi cha doria na vya kanzu zilizostaafu, vilivyounganishwa kwa mpango ambao mshonaji mwenyewe ndiye anayeujua. Kisha vyote vitatu hupigwa bandi kwa mkono, mstari baada ya mstari, ili sufi isikimbilie pembe moja. Kazi hiyo haifanyiki uvunguni. Lazima mfarishi ulale wote sakafuni umenyooka, na watu waweze kuuzunguka. Ukiukunja katikati ya kazi, sufi huhama na kila kitu huharibika. Na mwaka ule alikuwa ameahidi mfarishi wa harusi kwa mama mmoja wa Pangani, wa upana wa kitanda cha watu wawili.

Hakupima kwa utepe. Alikuwa nao, amezawadiwa, naye aliutumia kufungia mlango wa banda la kuku. Alipima kwa shibiri na dhiraa, mkono wake mwenyewe, na alipomshonea mtu mfupi alipunguza "kidogo cha heshima." Sijapata kuona nguo yake isiyokaa. Wala sijapata kumwona yeye mwenyewe katika nguo nzima. Kanga zake zilikuwa na matundu, na gauni lake la ndani lilifungwa begani kwa fundo mahali ambapo mshono ulikwisha kufumuka tangu sijui lini. Alitugombeza sisi wasichana kwa kuvaa nguo iliyochanika zaidi ya siku moja, na tulipolitazama fundo lake alisema, "Mimi ni duka. Nyinyi ndio wateja." Alikuwa na kinyume kingine cha aina hiyo. Mtu huyu aliyeweza kugombana nusu siku kwa ajili ya hatua mbili za sakafu, alipojiwa na mgeni kutoka Pangani pamoja na watoto wanne aliwaachia kitanda chote na chumba chote, akalala kule chini pamoja na cherehani kwa majuma mawili, na kila asubuhi alisema amelala vizuri kuliko sultani.

Wiki ya kwanza ya mfungo aliutandika mfarishi ukumbini. Ukumbi wa nyumba zetu ni njia ya kila mtu, kutoka mlango wa mbele hadi uani, na wapangaji wote walilazimika kupita wameegemea ukuta kama watu wanaovuka daraja la mti mmoja. Walivumilia, alikuwa amewashonea wote. Karani hakuegemea vya kutosha. Siku ya tatu, adhuhuri, kwenye njaa na kiu, alikanyaga pini kwa kisigino. Maneno aliyoyasema ilimbidi baadaye amuulize shehe kama yamembatilishia saumu. Jioni ile mfarishi uliviringishwa kwenye fito mbili ndefu na kurudishwa chumbani, ukasimamishwa nyuma ya mlango.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake kubwa, ingawa siku hiyo aliliona kama rehema. Nimesema kwamba kati ya nyumba yao na yetu palikuwa na kichochoro. Upana wake ulikuwa dhiraa nne kamili, urefu wake kutoka barabarani hadi kwenye nyua za nyuma, na mchana kutwa kuta mbili zilikitia kivuli. Mbele, upande wa barabara, kilikwisha kuzibwa zamani kwa bati. Bi Fundi aliagiza makuti, akaezeka paa jepesi kutoka ukuta wetu hadi wao, akaweka kiambaza cha makuti upande wa nyuma ili kuku wasiingie, akatandika mikeka mitatu, na kwa mara ya kwanza tangu stoo ichukuliwe mfarishi ulilala wote umenyooka. Alimwita Karani kuuona. Karani alitazama huku na huku, na hata yeye alikubali kwamba hapa hapakuwa nyumbani kwa mtu.

Hapakuwa nyumbani kwa mtu kwa sababu palikuwa njia, na yeye Bi Fundi, aliyekuwa akiona kila pembe iliyokaa bure, hakuona jambo hilo. Wanawake wa mtaa wetu hawakupita barabarani kwa kila haja. Barabarani kulikuwa na baraza, na juu ya baraza kulikuwa na wanaume. Kupita hapo kulitaka buibui, mwendo, na salamu kwa kila mlango. Mwanamke aliyetaka kuazima chumvi, au kupeleka sahani ya futari kwa mwenziwe, alipita nyuma, ua hadi ua, na kanga zake za jikoni, na njia yote hiyo ilipita mwishoni mwa kichochoro chetu, pale ilipofungukia milango ya nyua zetu mbili. Kiambaza cha makuti kiliikata katikati kama mkasi. Nusu ya mtaa ikawa huku, nusu kule.

Siku ya kwanza waliona ni mzaha. Siku ya pili mama yangu alivaa buibui ili aende kuomba tangawizi nyumba ya tatu, akarudi amevimba. "Nimesalimiana na wanaume kumi na wawili," alisema. "Kwa kipande cha tangawizi!" Nikamwambia kichochoro ni chetu nusu, angeweza kukataa. Akanitazama. "Nimkatalie, apelekwe Maramba, dhambi iwe yangu?" Wote walikuwa katika hali hiyo. Kila mmoja alinung'unika, na kila mmoja alikuwa na gauni la Idd kule uvunguni.

Siku ya nne, Jumamosi, binti wa jirani wa nyuma alishikwa na uchungu. Mkunga wa mtaa alikaa upande wetu. Kwa njia ya nyua alikuwa na hatua hamsini. Alifika kwenye kiambaza na mkoba wake, akakuta makuti, akarudi. Na mkunga wetu, aliyekuwa mtu mzito na mwenye haya kubwa, hakukubali kupita mbele ya baraza saa ambayo wanaume wote walikuwa wamekaa wakisubiri alasiri, na kila mmoja akajua anakwenda wapi na kwa ajili ya nani. Akazunguka mtaa mzima kwa nyuma, kupitia uwanja wa minazi. Alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kufungwa kitovu na bibi yake na amelala mweupe kwa poda, mzima kabisa.

Mkunga hakuketi. Alikuja moja kwa moja kwenye kiambaza, akasimama upande wa pili, nasi tuliokuwa ndani tuliona vidole vyake vikishika makuti.

"Wewe mshonaji! Uko humo?"

"Nipo, bibi. Kuna habari gani?"

"Habari ni kwamba mtoto amenitangulia! Miaka yangu yote, hajanitangulia mtoto! Nimewapokea wa mvua, nimewapokea mapacha, leo nimeshindwa na makuti!"

"Yu mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi. Na mama mzima. Lakini asingekuwa mzima, ungemshonea nini?"

Bi Fundi alikuwa amepiga magoti juu ya mfarishi, sindano imesimama katikati ya kitambaa. Aliukata uzi kwa meno, jambo alilotukataza sisi siku zote, akainuka, akaanza kuyatoa makuti kwa mikono yake moja baada ya moja, akiyapanga vizuri kando ya ukuta kana kwamba ni nguo za mtu. Mama yangu alimwambia aache, kesho yatatolewa na wanaume. Akasema kazi aliyoikosea mwenyewe huifumua mwenyewe. Kabla ya futari njia ilikuwa wazi, na mfarishi ulikuwa umeviringishwa tena kwenye fito zake.

Zilibaki siku kumi na moja hadi Idd.

Siku tatu zilizofuata hakushona. Alikaa kizingitini pa mlango wa ua wao, mfarishi umelazwa mapajani kama mtoto mkubwa anayeumwa, akawatazama wanawake wakipita. Watu walidhani anahuzunika, na baadhi walimletea tende nzuri za kufungulia. Karani alipita mara mbili, akapunguza mwendo, akaenda zake. Nilitoka shule jioni moja nikaketi karibu naye, nikamwamkia.

"Marahaba. Nyinyi shuleni kwenu mna vyumba vingapi?"

"Vitatu, Bi Fundi."

"Na madarasa?"

"Sita."

"Sasa mnakaaje? Mmoja mapajani mwa mwenziwe?"

"Hapana. Asubuhi wanakaa wadogo, mchana tunaingia sisi. Kengele ikigongwa wanatoka."

Akazitoa pini zote mdomoni, akazichomeka begani. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kwa ajili ya mazungumzo. "Na chumba ni kile kile?" aliuliza. Nikasema ni kile kile. Kisha nilikwenda zangu kufanya hesabu za nyumbani.

Kesho yake adhuhuri alikuja kwetu, mara tu mama alipokuwa anatandika mkeka wake chini ya dirisha.

"Shoga, ua wako unalala toka sasa mpaka alasiri."

"Mimi ndiye ninayelala."

"Mnalala wote wawili. Mimi nauomba ua. Wewe endelea."

Ndivyo ilivyokuwa, kwa ufupi. Zile siku tatu kizingitini hakuwa akihuzunika hata kidogo. Alikuwa akisoma njia. Alijua nani anapita saa ngapi anakwenda wapi, na kwa hiyo ua gani unabaki mtupu na kwa muda gani. Wetu ulikuwa wake saa za usingizi wa mama, Jumatatu na Jumatano. Wa mwanamke aliyekaanga bajia ulikuwa na moshi tangu alasiri, lakini asubuhi ulikuwa safi na umefagiliwa, naye akampa Jumamosi. Ua wa mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani ulijaa watoto na mbao zao za kusomea siku zote, isipokuwa Alhamisi na Ijumaa, chuo kinapofungwa. Mama Yohana, Mshambaa, ambaye mumewe alifanya kazi kwenye shamba la mkonge na nyumba yao ilikuwa ya mwisho nyuma, Jumapili alikwenda kanisani na watoto wote na hakurudi mpaka saa saba. Alimwachia Bi Fundi ufunguo wa ua, akamwomba jambo moja tu, kwamba asimwamshe bata wake aliyelalia mayai. Na ua wa mkunga haukuwa na siku. Tuliutumia alipoitwa, maana wanaozaliwa hawapangi zamu. Mkunga mwenyewe ndiye aliyeutoa, bila ya kuombwa, na kwa sauti ile ile ya ugomvi.

Bi Fundi hakukubali kuazima bure. Lakini badala ya kutoa kitu aliomba kitu: kila mwenye ua alete kipande cha kanga yake mwenyewe, kiingie mfarishini. Sikulielewa jambo hilo wakati ule. Nadhani sasa alitaka mtu asijione amekaribisha kazi ya mwingine. Kwa miaka mingi baadaye mama yangu, akiingia nyumba yenye mfarishi wa Bi Fundi, alikuwa akikitafuta kipande cha kanga yake nyekundu kabla ya kujibu salamu.

Kuuhamisha mfarishi kulikuwa na mambo yake. Uliviringishwa kwenye zile fito mbili, ukafungwa kwa marekani nyeupe usichafuke, na wanawake wawili waliubeba mabegani kupitia nyua, mmoja mbele mmoja nyuma. Siku ya pili ya safari hizo mzee mmoja aliyekuwa akinyoosha nyavu nyuma ya nyumba yake aliuona ukipita juu ya ukuta, mweupe, mrefu, mabegani. Akatupa nyavu, akaja mbio kutoa bega lake kama inavyompasa Mwislamu, kisha akaona waliobeba ni wanawake, akasimama ameduwaa.

"Lahaula! Tangu lini? Wanaume wa nyumba hii wamekwenda wapi? Na ni nani?"

"Ni wa Pangani, babu," Bi Fundi alimjibu bila ya kusimama. "Harusi yake baada ya Idd."

Inasemekana mzee huyo alikaa muda mrefu kabla ya kuzirudia nyavu zake.

Mfarishi ulikwisha siku mbili kabla ya mwezi kuandama, na wa Pangani walikuja kuuchukua. Usiku wa Idd ulipita, asubuhi ikaja na nguo mpya, na Karani alikwenda kwa dada yake kumpa mkono wa Idd. Sisi tulikuwa pale, tumemletea halua. Alionekana mtu mwenye maneno aliyoyaandaa. Bi Fundi hakumpa nafasi ya kuyasema.

"Nikague," alimwambia. "Uvungu ni wa kitanda changu. Ukumbini sipo, uani kwako sipo, kichochoroni sipo. Sina shibiri moja ya nyumba yako zaidi ya kitanda. Sasa unanihamisha Maramba kutoka wapi?"

Karani alicheka, kwanza kwa kujizuia na halafu kwa moyo wote, mpaka akajifuta macho kwa kanzu aliyoshonewa na huyo huyo. Neno Maramba halikutajwa tena mbele yangu, isipokuwa mahindi yalipoletwa.

Nikaenda shule ya bweni, kisha chuo cha ualimu. Nilipokuwa huko nilisoma katika kitabu namna ya kupanga zamu za madarasa, na mkufunzi alisifu jibu langu. Sikumwambia nimeyajulia wapi. Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilipangiwa kufundisha Pongwe, na likizo yangu ya kwanza nilirudi nyumbani, nikaenda kumwamkia. Ilikuwa Jumapili. Nilimkuta uani kwa Mama Yohana, na wanawake wengine wanne wameuzunguka mfarishi mpya, wa samawati na nyeupe. Nywele zilikuwa zimegeuka rangi, na miwani ilikuwa imeongezeka, imefungwa nyuma kwa uzi.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba, mwalimu. Umenenepa, mashallah. Vua viatu, shika pindo hilo."

Nilikuwa nimepiga bandi mistari miwili tu, nayo ilikuwa imepinda, wakati mtu alipopiga hodi nje ya ua. Alikuwa Karani. Alisimama upande wa pili wa ukuta, ametupa mgongo kama adabu ilivyotaka, na alizungumza akiwa anatazama minazi.

"Dada. Yule kijana amehamishiwa Pangani. Stoo iko tupu."

"Mungu amfikishe salama."

"Nimeipaka chokaa. Nimetoboa dirisha la pili." Akaegemea ukuta. "Nyumba imekuwa kimya mno. Mchana naingia ukumbini nasikia viatu vyangu mwenyewe. Rudi ushone nyumbani, dada. Siku zote. Hakuna atakayekuuliza."

Sindano zote zilisimama, isipokuwa yake. Nilizitazama nyuso za wale wanawake, nikaona kila mmoja anautazama mfarishi na hakuna anayeutazama uso wa Bi Fundi. Chumba chenye mlango, madirisha mawili na chokaa mpya: hicho ndicho alichonyang'anywa, na hicho ndicho alichokitafuta mpaka uvunguni. Aliendelea kushona hadi uzi ulipokwisha, akapiga fundo, akaukata.

"Hilo dirisha la pili linatazama wapi?"

"Magharibi."

"Basi ni la alasiri." Akahesabu vidole, midomo ikienda polepole. "Jumanne."

"Jumanne unahamia?"

"Jumanne nitakuja kushona. Jumatatu na Jumatano niko kwa mama wa mwalimu huyu. Alhamisi na Ijumaa niko chuoni, Jumamosi kwa bajia, Jumapili unaniona. Jumanne ndiyo iliyobaki, na wapo waliokwisha kuiomba."

"Lakini dada, ni nyumba yako."

"Najua. Ndiyo maana nakupa wewe."

Karani alikohoa, akasema, "Haya. Saa ngapi?" nao wanawake wote walicheka kwa pamoja, hata bata wa Mama Yohana akainuka.

Niliahirisha safari yangu ya kurudi Pongwe. Jumanne baada ya adhuhuri tuliupitisha mfarishi kichochoroni, mimi mbele na Bi Fundi nyuma, tukaingia uani kwao. Stoo ilikuwa imefagiliwa mpaka sakafu ikang'aa, mikeka miwili mipya imetandikwa, mtungi wa maji umewekwa na vikombe sita vimefunikwa kitambaa. Wanawake walivua viatu wakaingia, wakauviringua mfarishi, na ulilala wote umenyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Karani alikuwa amekaa ukumbini kwenye kiti chake, na alipoona bado wengine wanakuja kwa njia ya nyuma na kanga zao za jikoni, aliinuka akakibeba kiti hicho kwenda nacho barazani. Njiani alisimama, uso ameuelekeza ukutani, akauliza kama wangependa mlango wa mbele aufunge.